Bolti Sita za Mfuniko

Nyumbani
Jumanne, 4 Machi

Wifi Kipimo,

Lori la vyakula linaondoka saa mbili na dereva ameshaanza kupiga honi, kwa hiyo salamu nazikata: sote wazima, watoto wanamwulizia shangazi yao, na paka wako amehamia kwa jirani bila kuaga. Kama huko shuleni simu haishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, basi tuvumiliane na barua. Dereva anakuja kwenu Jumanne na Jumamosi na kurudi kesho yake. Mwandiko wangu unaujua. Usinisahihishe kwa kalamu nyekundu.

Habari kubwa ni moshi. Tangu uondoke, majirani hawatupi raha. Yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu alikuja na leso puani, akasema tusipozima hili tanuri lako la kuchoma taka kuwa mkaa ataleta watu wa afya. Mimi nilimjibu kwa adabu, mume wangu, huyo mdogo wako, akamjibu bila adabu, ikawa kelele mtaa mzima. Wewe ulituachia jiwe la kuweka juu ya mfuniko wa pipa, ukaandika ukutani kwa chaki JIWE TU, ukaenda zako. Lakini jiwe ni jiwe, wifi. Taka zikianza kuiva ndani ya pipa, mfuniko unachezacheza, moshi unatoka pembeni, na nguo za watu kwenye kamba zinageuka rangi.

Sasa huyu mdogo wako ametoboa ukingo wa pipa akatia bolti sita, na chini ya mfuniko kazungusha udongo wa mfinyanzi. Tumekaza kwa spana. Moshi haupo! Gesi yote inapita kwenye bomba, inarudi chini kuwa moto kama ulivyotaka, na inayobaki naipikia chai. Magunzi ya mahindi yanatoka mkaa mwepesi unaolia kama kigae. Nikishauloweka wiki mbili kwenye maji ya samadi, wenye bustani za bondeni wanaugombania. Wanasema udongo wao wa mchanga sasa unashika maji. Baba watoto anatembea kifua mbele. Anasema nikuulize wewe msomi, bolti ulikuwa huzioni?

Sokoni siku hizi wananiita Mama Mkaa. Nimelikubali.

Wifi yako,
Mama Mkaa


Shuleni
Jumamosi, 8 Machi

Mama Mkaa (jina limekukaa),

Barua yako imenikuta nimekaa juu ya tofali nikitafuna kalamu. Mkuu wa shule alikuwa ametoka kunijia kwa mara ya tatu siku hiyo. Ni mama mmoja mpole, anaongea chinichini mpaka unamsogelea, na ukishamsogelea ndipo anakuchoma. "Fundi," ananiambia, "wanangu wanakula wakilia machozi." Moshi wa tanuri unaingia bwaloni. Hili ni tanuri kubwa, linameza mara nne ya hilo lenu. Limejengwa ukutani kwa jiko, upande wa pili wa ukuta ni dirisha wanapopangia foleni wasichana mia nne na ushee, na wapishi watano wanazunguka hapo kutwa.

Nakwambia haya ujue ninavyobanwa. Jumatano ya tarehe 26 wanakuja wageni kutazama. Wakikuta chakula kimepikwa kwa taka bila moshi, shule nyingine tisa zitajengewa. Wakikuta moshi, nafungasha. Miaka kumi na moja nimezunguka na michoro hii kwapani, nikiambiwa niiache mezani nitapigiwa simu. Mnanijua. Silali mchana, siombi mtu kitu, lakini hili nalitaka mpaka linaniuma.

Kuhusu bolti, mwambie mdogo wangu nimeinua mikono. Jiwe nililipenda kwa sababu zangu, ila kama moshi umekwisha, sawa, endeleeni. Na mimi nitatia kumi. Msikaze kupita kiasi.

Mbusu watoto. Paka mwache, ana akili kuliko sisi.

Kipimo, kama mlivyokuwa mkiniita mkidhani sisikii


Hospitali, wodi ya wanaume
Ijumaa, 14 Machi

Mama watoto,

Naandikiwa na muuguzi kwa sababu mkono wa kulia umefungwa mpaka begani, na jicho la upande huohuo nalo lina bandeji. Leo saa ya kutazama wagonjwa ulikuja na watoto, hatukuweza kusema la maana. Tulikaa tunatazamana kama wageni. Sasa nisikilize.

Usimwambie Dada.

Tanuri letu lilipofyatuka juzi Jumatano, kitu cha kwanza nilichofikiria nikiwa pale chini ni yeye. Akisikia bolti zimekatika na mfuniko umenipiga, atapanda lori la kwanza aje alie miguuni kwangu, na hao wageni wake watakuta jiko halina mwenyewe. Miaka kumi na moja, mke wangu. Mimi nimebeba mabati yake nikiwa bado mwanafunzi wa kuchomelea. Acha apate siku yake. Baada ya tarehe 26 nitamwambia mwenyewe, nitamtania kwamba sura yangu ilikuwa inahitaji ukarabati.

Tena lake haliwezi kuwa kama letu. Lake lina bomba nene kama paja, letu lilikuwa kama kidole gumba. Yeye kasoma. Bolti zilikuwa wazo langu na mimi ndiye niliyeinama kutazama moto. Kosa ni la fundi, si la mchoraji.

Uniapie. Mpe muuguzi jibu la neno moja tu.

Daktari anasema mkono utapona polepole. Jicho hasemi.

Mumeo

(Kikaratasi kingine, jioni. Mama, ni mimi muuguzi. Mgonjwa anasema nikuandikie kwamba haumwi. Anaumwa. Neno lako la kiapo nimempelekea, akatulia, akala uji wote.)


Nyumbani
Jumamosi, 15 Machi

Wifi,

Hatujambo. Baba watoto ana kazi ya mageti nje ya mji, ndiyo maana hajaongeza mstari wake leo.

Nakuandikia jambo moja. Toa bolti kwenye mfuniko wako, rudisha jiwe. Ulikuwa sahihi mwanzo. Huku na sisi tumerudisha. Moshi kidogo si neno, wasichana wanaweza kufungua madirisha. Tafadhali usiwashe likiwa na bolti.

Ni hilo tu. Dereva ananisubiri.

Wifi yako


Shuleni
Jumatano, 19 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta sababu, sikuiona. Wiki mbili zilizopita bolti zilikuwa dhahabu tupu, mdogo wangu anatembea kifua mbele. Leo nitoe. Kwa nini? "Moshi kidogo si neno." Kwako si neno. Mimi nimepewa siku saba.

Huku hakuna mtu anayehamisha tofali bila kueleza. Mkuu wa shule akiniuliza kwa nini nafungua bolti na kumrudishia moshi bwaloni, nimwambie nini? Wifi yangu kasema? Na huyo mume wako, kama ana la kusema kuhusu tanuri, aseme mwenyewe. Tangu lini akakosa muda wa mistari miwili kunikejeli?

Nitasema bila kuzunguka, maana nimechoka. Siku zile za mwanzo, kabla hujaolewa, nilisema huyu atajua nini zaidi ya kuzoa majivu. Najua ulinisikia, na najua hukusahau. Nilikosea. Lakini kama hii ndiyo njia ya kunirudishia, umechagua wiki mbaya. Sijalala vizuri tangu mwezi uanze, mikono imejaa malengelenge, na wewe unaniambia fanya hivi usifanye vile, kama mtu anayemtuma mtoto dukani.

Bolti zinabaki. Moshi umekwisha kabisa, wapishi wanaimba. Jumanne tarehe 25, saa tisa alasiri, tutalijaribu kwa mara ya kwanza na chakula cha shule nzima. Na halitalishwa magunzi. Mkuu wa shule anataka wageni waone taka za jikoni lenyewe zikipika: maganda ya viazi, ya ndizi, ya maboga, mabaki ya sahani. Ndoo ishirini. Hiyo ndiyo maana ya kazi hii.

Kama una sababu, iandike. Kama huna, niombee tu.

Kipimo


Nyumbani
Jumatatu, 24 Machi

Baba watoto,

Namkabidhi muuguzi barua hii pamoja na barua ya dada yako, akusomee zote mbili. Lori liliharibika njiani siku tano, barua imenifikia leo saa sita. Jumamosi hakuna gari lililokwenda. La kesho asubuhi ndilo la mwisho kabla ya kuwasha.

Sikiliza vizuri pale penye maganda. Ndoo ishirini, mabichi.

Nilikuapia, na kiapo changu unakijua, sijawahi kukivunja. Hiki nakivunja. Kesho namwandikia kila kitu. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa umelala hapohapo, nitakuja saa kumi unifokee mbele ya wodi nzima. Ila siwezi kukaa hapa nafua bandeji huku nahesabu wasichana mia nne dirishani.

Na kuna jambo moja hujui. Nitaliandika kwake kwa sababu kwako ulimi umekataa. Atakusimulia au nitakusimulia.

Mkeo


Wodi ya wanaume
Jumatatu, 24 Machi, saa tisa

Mama,

Muuguzi. Nimemsomea barua zote. Pale penye maganda alinisimamisha nikarudia. Kisha kasema, nanukuu, "Mwambie amwambie. Mwambie dereva asisimame kunywa chai." Halafu akageukia ukutani.

Hakufoka. Ningependa afoke.


Nyumbani
Jumanne, 25 Machi, saa moja asubuhi

Dada,

Leo sikuiti wifi, sina utani.

Soma hii ukiwa mbali na tanuri. Kama halijawashwa, lisiwashwe. Kama linawaka, watoe wapishi, waondoe wasichana dirishani, mtu yeyote asiguse mfuniko wala bolti. Moto wa chini uvuteni kwa kitu kirefu kama mnaweza, kisha mliache lipoe lenyewe mpaka kesho. Nimemwambia dereva maneno hayahaya kwa mdomo. Nimemfanya ayarudie mara tatu, amekasirika, lakini ameyashika.

Sasa sababu. Uliiomba ukiwa na haki yako.

Mdogo wako hayuko kwenye mageti. Yuko hospitali tangu Jumatano ya tarehe 12. Tanuri lilifyatuka. Bolti tatu zilikatika, tatu zikashika, mfuniko ukafunguka kama mlango ukampiga upande wa kulia, na moto ukafuata. Mkono umeungua hadi begani. Jicho bado limefungwa. Alinikataza kukwambia, nikaapa, ndiyo maana nikakuandikia ile barua ya kipumbavu isiyo na kichwa wala miguu. Nilidhani utanitii tu. Sijui kwa nini nilidhani hivyo, mimi mwenyewe huwa sitii neno lisilo na sababu.

Ilivyotokea ni hivi. Magunzi yaliisha. Nilikuwa na lundo la maganda ya matunda kutoka kwa wauza matunda, yananuka, nzi wamejaa, na yule mwalimu mstaafu yuko ukutani kila saa. Nikayashindilia kwenye pipa. Baba watoto alikuwa anachomelea, akaniuliza bila kugeuka, "Makavu hayo?" Nikasema, "Makavu." Hayakuwa makavu, dada. Nilitaka tu lundo liondoke.

Akakaza bolti, akawasha. Saa nzima mambo shwari. Halafu moto unaotoka kwenye bomba ukaanza kufifia, kutoka bluu ukawa njano, ukawa ulimi mdogo, ukataka kuzimika. Akainama kutazama kuna nini. Baadaye mafundi wenzake walilipasua bomba: ndani limeziba utomvu wa yale maganda mabichi, mweusi mzito kama lami, huwezi kupitisha hata msumari. Gesi haikuwa na pa kutokea. Ingekuwa jiwe, mfuniko ungenyanyuka tukapata moshi na matusi ya jirani, basi.

Kwa hiyo kiapo kilikuwa cha mume wangu, lakini kilinifaa mimi. Nilijificha nyuma yake siku kumi. Nikikwambia bolti, utauliza ilikuwaje. Ukiuliza, itabidi niseme neno lile moja. Nimemjua huyu mtu miaka tisa sijawahi kumdanganya hata bei ya kiberiti.

Bomba lako nene halitakuokoa. Ndoo ishirini za maganda mabichi zitalijaza. Tazama rangi ya moto.

Kesho nitamsubiri dereva barabarani. Nijibu hata mstari mmoja.

Mke wa mdogo wako


Shuleni
Jumatano, 26 Machi

Mke wa mdogo wangu,

Hakuna aliyeumia. Naanza na hilo kwa sababu najua utatafuta hilo kwanza.

Dereva aliingia saa tisa na nusu akipiga honi kuanzia getini, kichwa nje ya dirisha, anapiga kelele, "Tokeni jikoni! Tokeni!" Wapishi wakacheka, wakadhani breki zimekatika. Tanuri lilikuwa limewaka nusu saa. Wasichana walikuwa kwenye foleni, sahani mkononi. Akanipa barua. Nilisoma mistari mitatu, nikatazama moto.

Ulikuwa njano.

Sikupiga kelele. Nilimwambia mpishi mkubwa awatoe watu kama wanaokwenda gwaride, na mkuu wa shule akasimama mlangoni akawahesabu kwa ile sauti yake ya chini mpaka wa mwisho akavuka uwanja. Mimi nikachukua reki ya bustani, nikalala kifudifudi nyuma ya ukuta mfupi wa kuni, nikavuta moto kutoka chini ya tanuri kipande kwa kipande. Dereva alinishika miguu ili anivute nyuma kama litatokea la kutokea. Sijui nani alimtuma. Mfuniko ulikuwa unalia. Katikati ulikuwa umevimba kama sufuria iliyogongwa kwa ndani. Bolti zote kumi zilishika, na hilo ndilo lililonitisha, maana najua zingeachia zote kwa pamoja.

Tulikaa uwanjani mpaka jua likazama. Hakuna aliyekula. Asubuhi ya leo nikafungua bomba. Limeziba karibu lote, pamoja na unene wake wa paja, limebaki tundu la kupitisha kalamu.

Wageni walikuja saa nne. Walikuta jiko baridi, wasichana wanakula mikate, na mimi nimekaa na mfuniko uliovimba mbele yangu. Niliwaeleza kila kitu. Mmoja aliandika sentensi moja, akafunga daftari. Hawakukaa hata kunywa chai. Mkuu wa shule ameniambia nifungashe, na safari hii hakuchoma, alinishika bega. Afadhali angechoma.

Sasa langu. Uliniambia la kwako, na mimi nina langu, kubwa zaidi.

Nilijua.

Nilipokuwa najifunza kazi hii niliona kwa macho yangu. Bomba liliziba, mfuniko ukanyanyuka na jiwe lake, ukatema moshi, ukarudi kukaa. Mwalimu wangu hata hakuacha kunywa maji. Akasema, ndiyo kazi ya jiwe, linakubali kunyanyuliwa. Niliwaandikia ukutani JIWE TU. Kuongeza mstari mmoja wa sababu kungechukua chaki kiasi gani? Lakini sikupenda mjue sababu. Mkijua mtauliza, mtabadilisha, na mimi nilitaka niwe mtu pekee nyumbani anayejua. Halafu barua yako ya kwanza ikaja na hizo bolti, na jambo hilohilo nililoliona kwa macho likanijia kichwani, nikiwa nimekaa kwenye lile tofali. Nikawaza moshi bwaloni, nikawaza tarehe 26, nikaandika "sawa, endeleeni." Kama ningeandika hapana, mdogo wangu angenung'unika siku mbili akazifungua.

Wewe ulisema "makavu" mara moja, ukiwa umechoka na nzi. Mimi nilisema "sawa" nikiwa na utulivu, najua ninachokisema. Usiubebe huu mzigo wote. Ni wangu kwa sehemu kubwa, na si kwa kukufariji nasema hivyo, ni kwa sababu ndivyo ulivyo.

Sijui kama nije. Nataka kuja. Naogopa kumtazama.

Dereva amenisubiri mpaka sasa. Msomee mdogo wangu barua hii, yote, usiruke.

Dada yake


Nyumbani
Ijumaa, 28 Machi

Wifi,

Nimemsomea. Sikuruka.

Kwanza bandeji. Waliifungua jana asubuhi. Jicho la kulia halioni. Daktari alilimulika kwa tochi, akalimulika tena, kisha akazima akaweka tochi mfukoni na kusema ndiyo basi. Mkono utarudi, utachukua miezi, anaweza kushika kikombe sasa. Anauliza kila anayepita kama fundi wa kuchomelea mwenye jicho moja anapunguziwa bei ya miwani ya kazi. Muuguzi anacheka mpaka analia. Nadhani analia zaidi ya kucheka.

Barua yako nilimsomea kitandani, saa ya wageni, kwa sauti ndogo. Tulipofika pale nilipomdanganya, nilikuwa nimeshamwambia mwenyewe Jumanne ileile baada ya lori kuondoka. Aliniambia, "Nilijua. Yalikuwa yananuka." Alijua yalikuwa mabichi na bado akakaza. Basi tukawa watatu. Nilimshika mkono wa kushoto tukakaa hivyo.

Tulipofika pale ulipoandika "nilijua," akaniambia nisimame. Nikasimama. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kengele ya kutoka ikagonga. Halafu akasema, "Mwambie aje." Nikamwuliza ndiyo hayo tu? Akasema ndiyo hayo tu, ni dada yangu.

Yeye ni ndugu yako, ana njia zake. Mimi nina zangu. Nimekukasirikia, wifi. Nakuandikia wazi ili usifike ukadhani nimenuna kwa sababu ya safari au mboga imeungua. Nikimwona anapapasa ukuta upande wa kulia kutafuta mlango, nakukasirikia upya, na najikasirikia mimi, na yeye pia, kisha naanza tena kwako. Sijui itaisha lini. Sitaki kukudanganya kwamba imeisha. Tumeshadanganyana vya kutosha nyumba hii.

Lakini pia wasichana mia nne wako hai, na wewe ulilala kifudifudi mbele ya lile pipa na reki ya bustani. Hilo nalo nalijua, silifuti.

Jana mwalimu mstaafu alivuka barabara, akasimama pale penye tanuri lililopasuka, akatoa leso, akalia. Akaniuliza ni kwa sababu yake? Nikamwambia hapana. Kisha wenye bustani za bondeni wakaja kuuliza mkaa, msimu wa kupanda umefika. Nimewaambia wasubiri. Nataka kuwasha tena, wifi, na nataka unieleze kila kitu kilichomo kwenye michoro yako, kila mstari na sababu yake, hata vile unavyoona siwezi kuvielewa. Nitakuuliza mpaka uchoke. Hutaandika tena ukutani ukaenda zako.

Jumapili lori likirudi, uwe ndani yake. Kitanda chako nimekitandika. Asubuhi utakaa naye wewe, jioni nitakaa mimi, ili tusikae pamoja kwanza. Nitakuja stendi na watoto. Mzigo wako nitaupokea. Salamu utazisubiri.

Wifi yako